Kipumulio cha Naima

Fundi Nurdini wa Lisekese, pale Masasi, alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu: hakuwahi kusema "sijui." Ukimpelekea mashine ya kupulizia mikorosho iliyogoma, anaitegea sikio, anaguna, kisha anakutajia ugonjwa wake. Ubaya ni kwamba mara nyingi alipatia. Mtu anayekosea kila wiki hufundishika. Huyu alikuwa amepatia miaka ishirini na mitatu mfululizo, na kupatia huko kulikuwa kumemharibu kabisa.

Kwa hiyo Naima alipomwambia, kwa sauti ya chini na macho yake yakiwa kwenye spana, kwamba pikipiki yao inahitaji kipumulio, Nurdini alicheka.

"Nani kakwambia?"

"Nimewaza tu, mjomba."

"Basi usiwaze. Kaza hiyo nati."

Naima akakaza nati.

Huyu Naima alikuwa binti wa dada yake, Zuhra wa Chiwata, na umri wake ulikuwa miaka ishirini na minne. Alisomea ufundi Mtwara, akarudi na cheti chake ndani ya bahasha ya kaki, na badala ya kwenda kutafuta ajira akaja moja kwa moja gereji kwa mjomba wake na kusema anataka kushindana mlimani. Kila mwezi wa nane, kupulizia mikorosho kukielekea mwisho na korosho hazijaanza kuanguka, pikipiki hushindana kwenye barabara ya zamani ya vumbi inayopanda kwenda Newala, ile iliyoachwa tangu magari yapate njia nyingine. Ina kona tisa, zimepangana moja juu ya nyingine, na kila kona upande mmoja ni mlima wenyewe na upande mwingine ni hewa tupu. Hakuna binti aliyewahi kushindana pale. Nurdini aliposikia ombi lile alijisikia raha mpaka masikioni, ingawa usoni alikunja ndita ili asionekane mwepesi.

Zuhra naye akaja mwenyewe kumkabidhi. Hakuzungusha maneno.

"Nurdini, huyu ni wako kabla ya kuwa wangu. Ukinirudishia, nirudishie mzima."

Na ndivyo ilivyo kwao. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Posa ikija anaulizwa yeye, mtoto akiugua anaitwa yeye, na likitokea la kutokea analaumiwa yeye. Baba anaheshimiwa sana, lakini neno la mwisho ni la mjomba, na mpwa halipingi. Anaweza kununa. Anaweza kula kimyakimya siku tatu. Lakini kusimama mbele ya watu na kusema "mjomba, umekosea," hilo Naima hakulelewa nalo.

Tuje kwenye turbo waliyoifunga kwenye pikipiki hiyo, maana ndiyo iliyoleta yote haya. Ilitoka kwenye gari dogo la Kijapani lililopinduka njia ya Nanganga, na Nurdini aliinunua na vikorokoro vyake vyote ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kazi ya turbo ni rahisi kuieleza na ngumu kuifunga. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha pangaboi dogo; pangaboi hilo limeunganishwa na lenzake upande wa pili, na hilo la pili linavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli inaungua nyingi, na nguvu inakuwa nyingi. Pikipiki ambayo mwaka jana ilikuwa inabeba magunia ya muhogo kutoka Chiwata ikawa sasa inaondoka mpaka inakunyang'anya mikono.

Ndani ya kopo lile kulikuwa na kidude cha chuma, ukubwa wa ngumi, chenye springi ndani. Hicho ndicho kipumulio. Dereva akiachia mafuta ghafla, kabureta inaziba, lakini turbo haina habari; bado inazunguka, bado inashindilia. Hewa inajikuta imefungiwa kwenye bomba, mbele imezibwa na nyuma inasukumwa. Kipumulio kinaifungulia mlango wa pembeni, nayo inatoka nje: pshii. Basi.

Nurdini alikuwa na sababu za kukikataa, na aliziona ni sababu za mtu mzima. Ya kwanza ilikuwa mashine ya kupulizia mikorosho salfa, ule unga wa manjano wa kuua ukungu. Ile nayo ni pangaboi linalosukuma hewa kwenye bomba, sivyo? Na bomba lile limeziba mara ngapi kwa salfa iliyoganda? Injini inapandisha mlio kidogo, hewa inatulia humo ndani, hakuna kinachovunjika. Unazibua, unaendelea na mkorosho unaofuata. Alikuwa ametengeneza mamia ya mashine hizo na hajaona hata moja iliyodhurika kwa kuziba. Sababu ya pili ilikuwa kwenye simu yake: pikipiki za mashindano za ng'ambo, zenye turbo kubwa kama tikiti, zinapita kama risasi, na hata moja haina kipumulio.

"Zile zinakwenda njia iliyonyooka, mjomba," Naima alisema siku moja. "Haziachii mafuta mpaka mwisho."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Na kweli alimaliza. Hakulirudia tena neno lile. Lakini kila asubuhi Nurdini akifungua gereji anakikuta kipumulio juu ya meza ya kazi, kimesuguliwa kinang'aa, kimewekwa juu ya kitambaa safi. Hamwambii mtu kitu. Anakichukua, anakirudisha kwenye kopo, anafunika. Kesho yake kiko mezani. Wiki tatu nzima watu wawili waliopendana walibishana namna hiyo bila kufungua mdomo, na ukipita pale ungedhani wanaelewana vizuri kuliko gereji zote za Masasi.

Kulikuwa na sababu ya tatu, na hiyo Nurdini hakumwambia mtu, kwa kuwa mwenyewe hakuijua vizuri. Alizaliwa Newala juu, zamani wakati bomba zikikauka watu wanashuka bondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Akiwa na miaka minane alikuwa anabeba ndoo yake ndogo nyuma ya mama yake, akipanda na kuhema, na tone likidondoka alilisikia mpaka kwenye ini. Maji yale yalikuwa miguu ya mama yake. Yalikuwa asubuhi nzima ya mama yake. Sasa leo mtu anakuja kumwambia kwamba hewa iliyoshindiliwa kwa kazi yote ile, moto na petroli na chuma, atoboe tundu aimwage nje? Alihisi kama anaambiwa amtukane mama yake.

Halafu, tuseme ukweli, alikuwa ameshajifunga kwa kauli yake. Pale mbele ya gereji Stamili anauza chai na vitumbua, na kwenye benchi la Stamili Nurdini alitangaza mbele ya watu kwamba kipumulio ni pambo la Wajapani, la kufurahisha masikio, na kwamba pikipiki yake itapanda Newala bila pambo. Watu wakapiga makofi. Ukishapigiwa makofi kwa neno, kulirudisha ni kazi.

Jumatatu ya wiki ya mashindano walikwenda kuijaribu kwenye lami, njia ya Nanganga, palipo panyoofu. Naima alifungua mafuta mpaka mwisho, pikipiki ikaimba, na kule mbele akapunguza polepole, akageuza, akarudi. Nurdini alikuwa anarukaruka pembeni ya barabara.

"Umeona? Iko wapi shida?"

"Imekwenda vizuri, mjomba," Naima akajibu, na hakusema uongo. Alivua helmeti, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akaitazama ile barabara iliyonyooka mpaka mwisho wake.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mashindano, saa nne asubuhi, Stamili aliacha vitumbua vyake.

Baba wa huyu Stamili alikuwa mjomba wa Nurdini, na kwa hiyo Stamili ni mtani wake. Kila siku anamwita mume wangu, na kila siku Nurdini anamjibu kwamba mahari yake ni debe moja la pumba. Mtani ana ruhusa ambayo mama hana na mke hana. Hata msibani, watu wanalia, mtani anaingia na kanga kaifunga vibaya, anamwigiza marehemu anavyotembea na anavyokoroma, anakwapua jembe la wachimba kaburi na halitoi mpaka likombolewe. Na huwezi kumkasirikia. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

Alikuja akiwa amevaa koti la kiume, kilemba kimekaa upande, jembe lisilo na mpini begani, na analia kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

"Uuwi! Jamani! Naima wetu! Mzuri wetu! Ameondoka na umri wake!"

Naima alikuwa amesimama mita mbili kutoka kwake, mzima, ameshika bisibisi. Gereji ilikuwa na wateja watatu wakisubiri mashine zao, na mmoja wao, Selestini, mkulima wa kule chini ya mlima, aliangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Nani atachimba?" Stamili akauliza, akimkabidhi Selestini jembe. "Wewe? Una nguvu wewe? Chimba refu, marehemu alikuwa mrefu. Na wewe, baba, tafuta ubao. Mjomba mtu usimtume kitu, yeye ana kazi ya kueleza watu kwamba haikuwa lazima."

Nurdini naye alikuwa anacheka. Utani mzuri ule. Akafungua kinywa amjibu, lakini Stamili alikwishachukua helmeti ya Naima, akaivaa juu ya kilemba, akakalia kigoda cha gereji na kushika mikono ya pikipiki isiyokuwepo. Akapanda mlima. Kona ya kwanza akainama kushoto. Kona ya pili akainama kulia. Kona ya tatu akaachia mafuta kwa mkono wake wa kulia, vizuri kabisa, kama mtu aliyefundishwa, na mdomo wake ukatoa sauti kavu, ya haraka: "Tu-tu-tu-tu-tu." Akautazama mkono wake. Akauzungusha tena kuachia. "Tu-tu-tu-tu." Akainua macho, akaiona kona, akaanguka na kigoda chake mpaka chini, na akabaki amelala, macho wazi, haongei.

Wateja walicheka. Nurdini hakucheka tena.

Kwa sababu sauti ile Stamili hakuijua. Stamili anajua sauti ya mafuta ya vitumbua. Sauti ya hewa inayorudi nyuma na kupiga pangaboi la turbo, hiyo anaijua mtu aliyeiwaza, aliyeisoma, aliyeisikiliza usiku na mchana na hana mahali pa kuisema. Nurdini akageuza shingo akamtazama Naima. Naima alikuwa anatazama sakafu.

Stamili aliinuka, akajikung'uta vumbi, na helmeti hakuivua.

"Hii naondoka nayo," akasema. "Ikomboeni."

"Unataka nini, mtani? Kuku?"

"Sitaki kuku wako mwenye mafua. Muulize mwenye kichwa hiki kama pikipiki inahitaji kile kidude au haihitaji. Umuulize wewe, mbele ya watu hawa. Akishajibu, nampa helmeti yake."

Wateja wote watatu wakamgeukia fundi. Lilikuwa jambo dogo mno, swali moja, maneno sita au saba. Nurdini aliyatafuta mdomoni akayakuta, yapo, yamekaa. Akashindwa kuyatoa. Badala yake akasikia sauti yake ikisema kwamba utani nao una mipaka, na watu wana kazi.

"Haya," Stamili akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anachekesha. "Mimi nimezika. Nimemaliza sehemu yangu." Akarudi kwenye vitumbua na helmeti kichwani.

Ijumaa, jua likiwa limeshatoka vizuri, Nurdini aliisukuma pikipiki nje, akavaa helmeti yake mwenyewe ya zamani na kwenda mlimani peke yake. Alijiambia anakwenda kuwafunga midomo. Lakini njia nzima alikuwa na kitu kifuani ambacho hakikumpa nafasi, na mtu aliyekuwa na uhakika asingeondoka bila kuaga.

Chini ya mlima akasimama, akaitazama barabara. Kisha akaipanda kama inavyopandwa kwenye mashindano, siyo kama wazee.

Kona ya kwanza ilikuwa pana, hakuhitaji kuachia sana. Turbo ilishika, pikipiki ikavuta, na mbele ya Mungu ilikuwa raha. Kona ya pili aliachia nusu, na chini ya mapaja yake akasikia: tu-tu-tu. Akajua ndiyo ile. Ilikuwa sauti ileile ya Stamili, kavu, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Nurdini akaongeza mafuta ili asiisikie.

Kona ya tatu ikaja haraka, na ni kali. Aliachia mafuta yote. Mkono ulirudi, lakini injini haikurudi. Ndani ya kabureta kuna kizibo kinachopanda na kushuka kwa kufuata mkono wa dereva, na hewa iliyofungiwa kwenye bomba ilikuwa imekibana ukutani, kimekwama katikati, hakishuki. Pikipiki iliendelea kuvuta. Akaminya breki, nyuma ikateleza, na kona ikafika. Hakuamua kitu. Mwili wake ndio uliojitupa upande wa mlima badala ya upande wa hewa tupu, na baada ya hapo kulikuwa na majani, matawi, mchanga na harufu ya salfa.

Alikuwa amelala chali chini ya mkorosho wa mtu. Bega la kushoto lilikuwa linawaka moto. Pikipiki ilikuwa imezima mita chache kutoka kwake, gurudumu linazunguka taratibu. Na hapo, vumbi la manjano likimshukia usoni, akakumbuka jambo.

Alikuwa na miaka minane, ndoo kichwani, njia ya kupanda Newala. Mbuzi alikatiza mbele yake, naye Nurdini akasimama ghafla. Yeye alisimama, maji hayakusimama. Yaliruka mbele ndani ya ndoo, na yeye badala ya kuyaacha yamwagike aliikumbatia ndoo kwa mikono yote miwili ili lisipotee tone, na uzito wa maji ukamvuta ukamtupa kwenye mawe. Jino lilivunjika, na pengo lake anatembea nalo mpaka leo. Miaka yote hii alikumbuka maji yaliyopotea. Alichokuwa amekisahau ni mama yake, aliyetupa ndoo yake mwenyewe, ndoo nzima, akaja akimkimbilia, akamshika uso wenye damu na kumfokea huku analia: "Ungeyamwaga! Kwa nini hukuyamwaga? Maji nitayafuata tena. Wewe nitakufuata wapi?"

Nurdini alilia pale chini. Hakulia kwa bega. Alimwona Naima kwenye kona ile, na akajiona anafika Chiwata kwa Zuhra bila mtu nyuma ya pikipiki.

Selestini ndiye aliyemkuta, akiwa na mashine yake ya salfa mgongoni, mwili mzima wa manjano mpaka kope. Mkorosho ulikuwa wake. Alizima mashine, akamtazama fundi wake, akatazama pikipiki. Alimfunga mkono kwa kipande cha kanga ya mkewe, wakaipakia pikipiki kwenye pikapu ya jirani, wakarudi Masasi.

Hospitali walisema mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, umevunjika, wakamfunga bandeji, wakamwambia apumzike. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwenye benchi la Stamili. Saa za chai zilikuwa zimepita lakini watu walikuwepo, wengine walewale waliopiga makofi. Naima alikuwa amekwishatoka gereji kuja kumpokea, uso umemsawijika, na kila mtu alimwona anavyoitazama ile bandeji na kujizuia asimkimbilie.

"Shikamoo, mjomba. Pole."

"Marahaba." Akavuta pumzi, na bega likamwadhibu. "Naima. Ile pikipiki inahitaji kipumulio?"

Alimjibu kwa sauti ileile ya chini, lakini safari hii hakutazama chini. "Inahitaji, mjomba. Kwa mlima ule inahitaji. Kwenye njia iliyonyooka ungekuwa sawa wewe."

"Kinafungwa wapi? Mimi sijui."

Benchi zima lilisikia. Kuna mzee mmoja alisimamisha kikombe njiani kuelekea mdomoni. Nurdini alikuwa amelingoja neno lile limchome, maana alilikimbia maisha yake yote. Lakini lilipotoka alijisikia mwepesi, na kidogo akatamani angelisema mapema, kabla ya bega. Stamili hakusema utani wowote. Alivua helmeti aliyoshinda nayo tangu jana, akamkabidhi Naima kwa mikono miwili, kisha akammiminia Nurdini chai.

Mchana wote uliobaki walifanya kazi. Au tuseme Naima alifanya kazi, na mjomba wake, kwa mkono mmoja, alikuwa anamshikia spana na kumpa anayoitaka. Walinyoosha usukani, wakabadilisha kikanyagio kilichopinda. Naima alitoboa bomba karibu na kabureta na kukichomelea kipumulio pale, akaunga kile kimpira chembamba kinachokiambia lini kifunguke. Nurdini aliuliza kwa nini karibu na kabureta na siyo karibu na turbo. Naima akamweleza. Aliuliza tena. Akamweleza tena. Haikuonekana kumchosha, kinyume chake, nadhani alikuwa ameyangoja maswali hayo tangu aliposhuka basi la Mtwara na bahasha yake.

"Kwa nini hukuniambia kwa nguvu?" Nurdini akauliza mwishoni.

"Nilikuambia kwa kila namna niliyokuwa nayo, mjomba."

Nurdini akainamia sanduku la vifaa. Akampa spana namba kumi.

Jumamosi watu walijaa chini ya mlima. Pikipiki zilikuwa zinapandishwa moja moja, kila moja ikipimwa muda wake kwa saa, na matokeo yangetangazwa jioni Newala, baada ya wote kufika. Zuhra alikuja kutoka Chiwata amevaa gauni la sikukuu. Aliitazama bandeji ya kaka yake muda mrefu.

"Umefanya nini?"

"Nimeanguka."

"Na hiyo pikipiki?"

Nurdini akafikiri kumwambia kwamba ni salama, asiwe na wasiwasi, fundi ni yeye. Akasema, "Fundi ni mwanao. Nimemwachia yeye."

Naima alikuja akamwinamia mama yake, akamwinamia mjomba wake, akafunga helmeti. Bendera ikashuka. Pikipiki ikaondoka na vumbi lake, na baada ya kona ya kwanza hawakumwona tena. Kutoka pale chini mlima unaficha kila kitu. Unachobaki nacho ni masikio.

Nurdini alifumba macho. Injini ilipanda, ikapanda, kisha ikakatika, na kwenye ukimya ule mdogo ikaja: pshii. Moja. Ikapanda tena. Pshii. Mbili. Kona ya tatu mkono wake mzima ukautafuta mkono wa dada yake. Pshii. Tatu. Hewa yote ile, aliyoichukia kuipoteza, ilikuwa inamwagika mlimani, na kila ikimwagika mtoto alikuwa bado yupo. Nne. Tano. Sauti ilikuwa inafifia, anaitafuta kwa kuinamisha kichwa. Sita. Watu walikuwa wanapiga kelele nyuma yake na akawageukia kwa ukali mpaka wakanyamaza. Saba. Nane.

Ukimya.

"Mwaga," Nurdini alisema. "Mwaga, mwanangu. Mwaga yote."

Juu kabisa, mbali, nyembamba mno hata wengine walisema baadaye kwamba hawakuisikia, ikaja ya tisa.

Nurdini alikaa chini kwenye vumbi, hapohapo alipokuwa amesimama, na machozi yakamtoka mbele ya wateja wake wote. Zuhra akamwinamia, akamtikisa kwa bega lile zima.

"Vipi, amekuwa wa ngapi?"

"Sijui," akasema Nurdini.